Pamba Masikioni

Mama Funguo hakuwa na mtoto aitwaye Funguo. Alikuwa na watoto wawili wa kiume, wote wameshaoa na kuhama, na jina lake alipewa na kibanda. Kibanda chenyewe kilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja, kimebanana kati ya duka la vifaa vya shule na ofisi ya posta. Ndani mlikuwa na mashine moja ya kuchongea funguo, tupa za kila umbo, na ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa bado, zinaning'inia kwenye misumari. Ukimletea ufunguo uliopinda, aliutazama mara moja tu, akakwambia mlango wako una tatizo gani na nani nyumbani kwako anaubamiza.

Hiyo ilikuwa kazi ya siku sita. Siku ya saba alikuwa mfanya mazingaombwe.

Alijifunza kwa baba yake mdogo, fundi saa, tangu ana miaka kumi na mmoja, na hakuacha. Alialikwa kwenye sherehe za shule, kwenye mahafali, kwenye siku za kuzaliwa za watoto ambao wazazi wao aliwahi kuwafanyia vilevile. Alitoa leso tano kwenye chupa tupu. Alipoteza sarafu akaitoa kwenye kola ya mkuu wa shule. Na wakati wote huo alikuwa anaongea. Ulimi wake ulikuwa nusu ya kazi, pengine zaidi ya nusu. Alimtania huyu, akamsifu yule, akajifanya amesahau anachofanya, na watu wakacheka mpaka wakajipangusa machozi. Baba yake mdogo alikuwa amemfundisha hivi: mtu anayecheka anafumba macho kidogo, na hapo alipofumba ndipo mkono unapopita.

Ni mtu mmoja tu ambaye hakuwahi kufumba macho, na mtu huyo alikuwa wifi yake.

Wifi huyu, dada mkubwa wa mumewe, aliugua homa akiwa na miaka mitatu, na ilipomwachia ilikuwa imeondoka na masikio yake. Alikua hasikii kitu. Alijifunza lugha ya alama, akasoma, akaandika mwandiko mzuri kuliko wa ndugu zake wote, kisha akaajiriwa kwenye chumba cha kufulia cha hospitali kubwa. Huko alipiga pasi mashuka kwa miaka thelathini na mmoja. Aliishi kwenye chumba cha uani, nyumba moja na mdogo wake huyo, mume wa Mama Funguo, na hakuna sherehe ya familia aliyokosa. Alikaa mbele, mikono ameikunja, akimtazama Mama Funguo kama daktari anavyotazama kidonda.

Kila mazingaombwe yakiisha, aliinua mikono na kusema kwa alama, taratibu, ili hata wageni waelewe: "Chini ya kikombe cha kati." Au: "Ndani ya mkono wa kushoto wa gauni." Mara moja alisema tu: "Umeikalia."

Miaka ishirini na saba ya ndoa, na hakukosea hata siku moja.

Ni wifi, na mawifi hawaishi kutaniana, hilo Mama Funguo alilijua. Alijua pia kwamba wifi yake alimpenda, kwa sababu ndiye aliyemwuguza siku ya uzazi wake wa pili, na ndiye aliyemfundisha kuongea kwa mikono, ingawa mpaka leo alimcheka na kumwambia anatumia alama kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Lakini jambo moja lilimkaa kama mwiba. Siku moja, baada ya kuumbuliwa mbele ya wakwe wa mwanawe, alimwuliza wifi yake anawezaje. Wifi alichukua risiti ya duka, akaandika nyuma yake: *Wenyewe wamekiita kiinimacho, hawakukiita kiinisikio. Nyinyi mnadanganywa masikio, halafu mnayasingizia macho.*

Mama Funguo aliikunja ile risiti akaitupa. Maneno yake hayakutupika.

Basi ikafika mwaka ambao wifi alitakiwa kustaafu. Miezi mitatu na nusu kabla ya siku yenyewe, msimamizi wa chumba cha kufulia alikuja kibandani kuchonga ufunguo wa kabati la sabuni, na huku anasubiri akasema, "Mama Funguo, tunamwandalia wifi yako sherehe ya kumuaga. Tunataka utufanyie mazingaombwe."

"Nitakuja," alisema Mama Funguo, bado ameinamia mashine.

"Ila ujue, sisi pale tuko ishirini, na tisa ni viziwi. Wifi yako ndiye aliyewatafutia wengine kazi."

Hapo mashine ikazimwa. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na Mama Funguo hakuwa mtu wa kulirudisha.

Jumapili ile alifunga mlango wa chumba, akatandaza vifaa vyake vyote kitandani, akasimama mbele ya kioo. Alipita mazingaombwe yake moja baada ya jingine akiwa amefunga mdomo, na kila moja aliliuliza swali hilohilo: nikikaa kimya, nini kinabaki? Leso zilibaki leso. Sarafu ilionekana ikitembea kama mzee anayevuka barabara. Alipofika mwisho, kitandani hapakuwa na kitu cha kupeleka hospitali.

Akapiga moyo konde. Kama hana, atanunua.

Mjini hapo alikuwepo mzee mmoja aliyeitwa Profesa, ingawa chuo alikipita nje tu. Alikuwa ametumbuiza kwenye kumbi kwa miaka arobaini, sasa miguu imemkataa na vifaa vyake anaviuza. Mama Funguo alikuwa na fedha alizoweka miaka miwili kwa ajili ya mashine mpya, ile ya kuchongea funguo za magari, maana funguo za magari ndizo zenye faida siku hizi. Alizichukua, akaenda.

Profesa aliishi ghorofani, juu ya duka la matairi, kwenye chumba kinachonukia mpira na dawa ya kuchua misuli.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Kila unachokiona humu kinauzwa, isipokuwa mimi na kiti hiki."

Akamwonyesha sanduku. Lilikuwa sanduku zuri la mbao nyekundu, dogo kama la kuwekea vito, lina kufuli la shaba. Akamwomba saa yake ya mkononi, akaifunga kwenye leso, akaipiga nyundo mpaka Mama Funguo akasikia vioo vinalia. Akaanza kusimulia habari za marehemu mkewe ambaye kila saa aliyonunuliwa aliilaumu kwamba inamchelewesha, na namna alivyoisimulia, Mama Funguo alicheka hadi akashika mbavu. Kisha Profesa akamwambia afungue kufuli mwenyewe. Ndani ya sanduku mlikuwa na saa yake, nzima, inatembea.

Alipigwa na butwaa. Alikuwa hajapigwa na butwaa tangu utotoni, na alikuwa amesahau jinsi inavyopendeza. Profesa akataja bei. Ilikuwa bei ya mashine ya funguo za magari, haikupungua hata kidogo, na mkono wa Mama Funguo ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba.

Ukaishia humo. Kununua siri ni kununua mbuzi kwenye gunia: gunia likifunguliwa, umeshalipa. Na isitoshe, aliyekuwa anacheka pale kwenye kiti ni yeye. Wifi asingecheka.

"Profesa, naomba urudie."

"Mazingaombwe hayarudiwi mbele ya macho yaleyale. Wewe ni wa kazi hii, unajua."

"Mtazamaji harudiwi. Mimi ni mnunuzi."

Mzee akaguna, akaanza kupanga vifaa. Kwenye dirisha palikuwa na chupa ya spiriti na bunda la pamba. Mama Funguo akakata vipande viwili, akavisokota, akavitia masikioni, akavishindilia kwa vidole.

"Unafanya nini?" aliuliza Profesa. Hakumsikia, lakini midomo ilisomeka.

"Endelea tu."

Profesa akaendelea. Leso, saa, nyundo. Mdomo wake ukafunguka kuanza hadithi ya marehemu, na bila hadithi ile alikuwa mzee tu anayetikisa kidevu. Mama Funguo akatazama. Kila mdomo ulipopanuka kwa mzaha, mkono wa kushoto ulikwenda kiunoni na kurudi. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu aliiona saa yenyewe ikiteleza nyuma ya sanduku. Akalitazama na kufuli pia, kwa jicho la kazi, akaona lina mafuta mapya upande ambao kufuli la kweli halihitaji mafuta.

Alichomoa pamba ya sikio moja. "Nimeiona," alisema. "Kiunoni, kisha nyuma, kuna kimlango. Nisamehe, Profesa."

Uso wa mzee ulibadilika. Kwanza alikasirika, akasema miaka arobaini mawaziri wamekaa mbele ya sanduku lile wakatoka vinywa wazi. Kisha hasira ikapoa, akakaa. "Chukua kwa nusu bei," alisema.

"Hata kwa robo sitachukua. Sikudharau. Kwa mtu mwingine ni mali, na hadithi ile ya marehemu inastahili kila senti. Lakini hadithi siwezi kuipeleka ninakokwenda. Nikiitoa hadithi, nanunua mbao."

Profesa akageukia meza. Alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hutafuta kitu cha kushikashika. Juu ya meza palikuwa na kamba ya kiatu na pete ya shaba. Aliipitisha kamba ndani ya pete, akashika ncha, na pete ikadondoka mezani. Kamba ilikuwa nzima. Akaipitisha tena. Ikadondoka tena. Hakuwa anamfanyia mtu. Alikuwa anajiliwaza, anatazama dirishani.

Mama Funguo alirudisha pamba sikioni.

"Hicho ni nini?"

"Si kitu. Nanyoosha vidole, visije vikakakamaa."

"Bei gani?"

Profesa alimwashiria achomoe pamba. "Hiki hakiuzwi."

"Umesema mlangoni kila kitu kinauzwa, isipokuwa wewe na kiti."

"Basi bei yake ni ileile ya sanduku," alisema mzee kwa kumkomoa. "Kamba ya kiatu kwa bei ya sanduku. Umeridhika?"

"Rudia nione," alisema, akarudisha pamba.

Mzee alirudia, Mama Funguo akitazama kutoka kushoto. Akahamia kulia, mzee akarudia. Akasimama nyuma yake, karibu hata pumzi yake ikampuliza mzee kisogoni. Mara ya nne alimpa ufunguo wake mwenyewe wa kibanda badala ya pete, na ncha za kamba akazishika yeye. Ufunguo ukadondoka. Masikio yake yalikuwa yamezibwa, macho yako wazi, umbali wa shubiri moja, na hakuona kitu. Hakujisumbua kubuni ulivyotoka. Siku ile kazi yake ilikuwa kutazama tu, na macho yake aliyaamini.

"Nalipa," alisema, akichomoa pamba.

"Mwanangu, nilikuwa natania."

"Mimi sitanii. Nusu leo. Nusu nyingine siku nitakayoifanya mbele yako, mdomo umefungwa, na wewe usione. Na utanifundisha mpaka siku hiyo ifike."

"Na isipofika?"

"Nusu ya kwanza itakuwa yako, na sanduku lako liko palepale."

Mumewe aliposikia, aliweka kijiko chini. Alikuwa fundi umeme, mtu mpole, na hakupenda makelele wakati wa kula. "Mama watoto, hebu nielewe. Fedha za mashine. Umenunua kamba ya kiatu?"

"Kamba sikununua. Kamba alinipa bure."

Mume alimtazama usoni, akachukua kijiko, akaendelea kula. Aliujua uso ule. Uso ule ukijifunga kibwebwe, unasubiri tu upite.

Kila Jumatano na kila Jumapili alipanda ghorofani kwa Profesa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kufuli lolote. Kidole gumba kilitakiwa kufanya jambo dogo sana, dogo hata halina jina, na kulifanya huku vidole vingine tisa vikikaa kama havijui. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa mdomo. Kila alipokaribia pale penye siri, ulimi ulitoka wenyewe: "Tazameni sasa..." Profesa akapiga meza kwa kiganja. Mwishowe alimpa kikombe cha maji, akamwamuru ajaze mdomoni na asimeze mpaka pete idondoke. Wiki ya kwanza alilowanisha gauni, wiki ya pili akalowanisha kamba. Aligundua, kwa aibu kidogo, kwamba kwa miaka arobaini alikuwa msema mizaha mzuri mwenye mikono ya wastani.

Wiki ya tano Profesa alimkatisha. "Acha, mwanangu. Vidole vyako vimezoea tupa. Vinafinya. Kamba haitaki kufinywa."

Mama Funguo alimeza maji. "Vitazoea."

"Vina miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili."

"Mimi vyangu nilivianzisha vina ishirini na mitatu."

"Basi mimi nimechelewa. Tuendelee, kabla sijachelewa zaidi."

Akaendelea. Kibandani, kati ya mteja na mteja, mikono yake ilikuwa chini ya meza na kamba. Ngozi ya gumba ilichubuka, ikaota nyingine. Siku moja katika wiki ya tisa alisahau kufikiri, na pete ikadondoka kabla hajajua kama ameanza. Hapo alijua kitu kimeingia mwilini. Wiki ya kumi na tatu aliifanya mbele ya Profesa mara tatu mfululizo. Mzee alipokea nusu ya pili bila kuihesabu, akaitia mfukoni.

"Limebaki kosa moja dogo," alisema. "Sikuambii. Ukiambiwa utalitazama, na ukilitazama utalikuza."

Siku ya kumuaga wifi, mashine za kufulia zilizimwa adhuhuri. Chumba kilikuwa bado na joto la mvuke, na mashuka yaliyokunjwa yamepangwa mpaka dirishani. Msimamizi alihutubia, binti mmoja akatafsiri kwa alama, wifi akapewa saa ya ukutani na blanketi. Kisha wakamwita Mama Funguo.

Alitoka bila kofia, bila sanduku, kamba mkononi. Hakusema neno. Wale wanaosikia walianza kutabasamu wakingoja mzaha, na mzaha haukuja. Mmoja akapaza sauti, "Mama Funguo, umemeza ulimi?" Wakacheka. Yeye alikuwa anamtazama wifi yake tu. Akamwomba kwa alama ufunguo wa kabati lake la kazini, ule ambao angetakiwa kuukabidhi jioni ile. Akaupitisha kwenye kamba, akampa wifi ncha zote mbili azishike. Wifi alizivuta kwanza kupima, kama anavyovuta shuka. Kamba ilikuwa kamba.

Mama Funguo alifunika ufunguo kwa viganja, akahesabu pumzi moja, na ufunguo ukadondoka miguuni mwa wifi.

Wifi aliutazama ufunguo, akaitazama kamba, akaipitisha kati ya vidole vyake toka ncha hadi ncha. Kisha akasema, "Tena."

Mfanya mazingaombwe yeyote angetabasamu na kuinama. Mama Funguo alipitisha ufunguo mara ya pili. Ukadondoka. Wifi akampa kijana aliyekaa jirani yake ncha za kamba, akainuka, akaja kusimama nyuma ya Mama Funguo, kidevu karibu kinamgusa bega. "Tena."

Hapo wifi aliposimama ndipo Mama Funguo aliposimama kwa Profesa, na alijua kinachoonekana kutoka hapo. Ufunguo ukadondoka mara ya tatu, na papo hapo wifi akamdaka kifundo cha mkono, akakifunua kiganja. Kilikuwa kitupu. Akakifunua cha pili. Kitupu.

Viziwi wanane waliobaki waliinua mikono juu wakaipunga, vidole vinacheza hewani, ndiyo makofi yao. Wifi hakupunga. Alikuwa bado anakigeuzageuza kidole gumba cha Mama Funguo, ameona ngozi mpya.

"Ni hiki," alisema kwa mkono mmoja. "Kuna kitu kinafanya." Akasita. Uso wake, uliokuwa mkali miaka yote ile, ukalegea, ukawa wa msichana. "Sijui kitu gani. Sijui."

Mama Funguo alijikuta analia, na hakujificha.

Walirudi nyumbani na saa ya ukutani na blanketi, na njia nzima wifi hakuongea. Mikono yake ilikuwa na kamba. Wiki iliyofuata chama cha viziwi cha mjini kilimwandikia Mama Funguo barua kumwomba aje kwenye mkutano wao wa mwaka. Alijibu kwamba atakuja.

Mashine ya funguo za magari hajainunua mpaka leo. Wenye magari huvuka barabara kwenda kwa fundi mwingine, na mumewe, akipita kibandani, huwahesabu kwa sauti wanaovuka. "Wa nne huyo," husema. Mama Funguo humjibu kwamba magari yatakuwepo na mwakani.

Wifi, kwa kuwa sasa hana mashuka, huja kibandani asubuhi na kukaa kwenye stuli ya wateja. Ana pete, ana kamba. Anajaribu, pete inabaki palepale, anaguna, anajaribu kwa gumba la kushoto.

"Ulilipa ngapi?" alimwuliza juzi.

Mama Funguo akamtajia.

Wifi alipiga hesabu kichwani, miezi ya mshahara, akatikisa kichwa. "Alikuonea," alisema. Kisha akainama tena juu ya pete, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, na Mama Funguo akawasha mashine, maana mteja wa kitasa alikuwa amesimama muda mrefu.